Je, Wajua? Kingamwili ya sungura inavyoisaka protini ya BRG1

Je, wajua kwamba DNA iliyomo katika seli moja tu ya mwili wako, ikinyooshwa, hufikia mita 2 hivi? Yote hukaa ndani ya kiini chenye upana wa mikromita chache, kwa kuwa imezungushiwa protini ziitwazo histoni kama uzi kwenye kibiringo. Kila fungu la histoni 8 huzungukwa na jozi 147 za herufi za DNA. DNA hiyo pamoja na protini zake ndiyo kromatini.

Je, wajua kwamba jeni iliyobanwa humo haisomeki? Hapo ndipo BRG1 inapofanya kazi. Protini hii huchoma nishati ya ATP ili kusogeza au kung'oa histoni, jeni ipate kusomwa. Haiko peke yake: ndiyo injini ya kundi la protini liitwalo SWI/SNF.

Je, wajua kwamba kundi hilo lilianza kujulikana kupitia hamira? Katika miaka ya 1980 watafiti walichunguza hamira zilizoshindwa kuchachusha sukari ya miwa, wakazikuta jeni zenye kasoro. BRG1 ya binadamu ilielezwa mwaka 1993.

Je, wajua kwamba jeni za kundi hili hukutwa na kasoro katika takribani saratani 1 kati ya 5 za binadamu? Mwaka 2014 ilibainika kwamba aina moja adimu na kali ya saratani ya ovari, inayowapata zaidi wasichana na wanawake vijana, hutokana na kuharibika kwa SMARCA4, jeni inayotengeneza BRG1. Daktari wa maabara akichunguza kinyama cha uvimbe na kukuta BRG1 haimo, hiyo ni dalili nzito ya saratani hiyo.

Je, wajua kwamba mchunguzi huyo hutegemea kingamwili, na mara nyingi ni ya sungura? Sungura hudungwa kipande cha protini ya binadamu, akarudiwa baada ya wiki kadhaa. Mwili wake huiona ngeni na kutengeneza kingamwili zenye umbo la Y, ambazo ncha zake mbili huinasa protini hiyo.

Je, wajua kwamba sungura wamo katika kazi hii tangu mwaka 1890? Mwaka huo, mjini Berlin, Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba majimaji ya damu ya sungura aliyekingwa dhidi ya pepopunda huwakinga panya.

Je, wajua kwamba damu ya sungura mmoja hutoa mchanganyiko wa kingamwili nyingi, na sungura mwingine hatatoa mchanganyiko uleule? Mwaka 1995 watafiti wa Chicago walipata njia ya kukuza seli za sungura zinazotoa kingamwili ya aina moja tu. Siku hizi jeni ya kingamwili hiyo ikishasomwa, huzalishwa katika seli za maabara bila kumrudia sungura.

Je, wajua kwamba maziwa ya unga yasiyo na mafuta ni kifaa cha maabara? Katika jaribio la kuitafuta BRG1, protini za seli hutenganishwa kwa umeme ndani ya jeli. BRG1, kwa kuwa ni kubwa, husafiri polepole na kubaki karibu na juu. Kisha protini hizo huhamishiwa kwenye utando. Utando huloweshwa katika maziwa, yazibe nafasi tupu, kingamwili isije ikanata ovyo. Ndipo huwekwa kingamwili ya sungura, mara nyingi usiku kucha kwenye nyuzi 4 za Selsiasi. Asubuhi hufuata kingamwili ya mbuzi inayoitambua ile ya sungura, iliyofungwa kimeng'enya. Kikimiminiwa kemikali yake, mwanga hutokea na mstari mmoja huonekana.

Je, wajua kwamba mstari huo pekee si ushahidi? Kingamwili yaweza kunasa protini nyingine kabisa. Ndiyo maana watafiti makini huweka sampuli mbili ubavu kwa ubavu: seli za maabara ziitwazo HeLa, zenye BRG1, na nyingine ziitwazo SW13, zisizokuwa nayo. Mstari ukionekana kwa HeLa na kwa SW13 pasiwe na kitu, hapo kingamwili inaaminika. Ukionekana kwa zote mbili, itupwe.

Je, wajua kwamba hadhari hiyo si ya kupita kiasi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulipima kingamwili 614 za madukani dhidi ya protini 65, na zaidi ya nusu zilishindwa katika angalau jaribio moja.

Mwanafunzi wa maabara, maandishi ya kwenye kichupa yasikutoshe. Ijaribu kwanza kwenye seli isiyo na protini unayoitafuta, kisha andika katika ripoti yako ni kingamwili ipi, namba gani na ya toleo gani. Nyuma ya jibu lako yupo mgonjwa.