Koti Litabaki Minneapolis

Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara hupima barafu. Kila mwaka Desemba inapoingia, huchukua kekee yake ndefu na rula ya mbao, akatembea hadi Ziwa Nokomis, akatoboa tundu karibu na ufuko na kuangalia ganda limefikia unene gani. Kisha huandika kwenye kijidaftari, kwa penseli, maana wino wa kalamu hugoma kwenye baridi ile. Idara ya Maliasili ya jimbo hili la Minnesota hushauri mtu asitembee juu ya ziwa mpaka barafu safi ifikie inchi 4, yaani kama sentimita 10. Yeye hungoja zifike 5. Ni mgane wa miaka sabini na kitu, babu yake alihamia huku kutoka Norway, na vijidaftari vyake vimejaza boksi zima la viatu.

Nimeishi mkabala naye miaka minne bila kuyajua haya. Tulikuwa tukipungiana mikono yenye glavu, basi. Nimeyajua mwaka huu kwa sababu moja tu: naenda nyumbani Rombo kula Krismasi, na mtu anayeondoka hapa katikati ya majira ya baridi hana budi kwenda kugonga mlango wa mwenzake.

Ndugu zetu wakituona tunashuka pale KIA na masanduku yetu, hudhani safari ilianza tulipopanda ndege. Yangu ilianza wiki sita nyuma, na sehemu kubwa yake ilitembewa na watu ambao hawaendi popote.

Mwezi huu jua la Minneapolis linachomoza karibu saa 2 asubuhi, na ikifika saa 10 na nusu jioni limekwisha kuzama. Mimi nafanya zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, kwa hiyo ziko siku ambazo jua naliona kupitia kioo cha gari tu, narudi kulala. Baridi ikishuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, ukivuta pumzi unahisi vinyweleo vya pua vikikakamaa. Watu hawasimami njiani kuulizana habari za watoto. Mtu hutoka mlangoni akaingia garini, akatoka garini akaingia mlangoni. Mtaani kwetu nawatambua wengine kwa alama za buti zao kwenye theluji kuliko kwa sura.

Shida yangu ya kwanza ilikuwa gari. Theluji ikianguka kwa wingi, Jiji la Minneapolis hutangaza dharura, na kuanzia hapo maegesho ya barabarani hufuata ratiba ya siku tatu. Usiku wa kwanza, kuanzia saa 3, hakuna kuegesha kwenye barabara zilizowekewa alama ya dharura. Kesho yake asubuhi, mitaa mingine huachwa wazi upande wa nyumba zenye namba shufwa. Keshokutwa, upande wa namba witiri. Magreda hupita yakisukuma theluji kando, na gari lililosahauliwa huvutwa hadi kwenye yadi ya jiji, ambako mwenyewe atalipia kuvutwa kwake na siku lilizokaa. Sina gereji. Ningekuwa Rombo siku 22. Nani angelihamisha upande huu na kulirudisha ule?

Theluji nayo haiulizi kama mwenye mlango yupo. Sheria ya jiji inataka njia ya miguu mbele ya nyumba kama yangu isafishwe ndani ya saa 24 baada ya theluji kukatika, na mkataba wangu wa upangaji umeiweka kazi hiyo juu yangu. Tena kuna mabomba. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9. Bomba likizidiwa linapasuka, na barafu ikiyeyuka sebule inageuka bwawa. Kwa hiyo nyumba haiachwi ipoe. Joto lisishuke chini ya nyuzi 13, milango ya kabati la chini ya sinki iachwe wazi ili hewa ya joto ifike ukutani, na usiku wa baridi kali bomba liachwe lidondoshe tone moja moja, kwani maji yanayotembea hayagandi upesi. Hayo yote yanahitaji mtu mwenye ufunguo, anayeingia na kutazama.

Jumamosi moja nikakaanga maandazi, nikayapanga kwenye sahani na kuyafunika kwa kitambaa. Sikulelewa kwenda kuomba na mikono mitupu. Mzee akafungua mlango, akaitazama sahani, kisha akanitazama mimi usoni.

"Nani amefariki?" akaniuliza.

Sikumwelewa. Ilibidi aniingize ndani, anikalishe, ndipo anieleze kwamba huku chakula kilichofunikwa kikiletwa mlangoni na jirani, mara nyingi ni msiba. Mke wake alipofariki, sahani za namna hiyo zilimfikia wiki nzima, nyingine za watu ambao hakuwahi kuongea nao. Nikamwambia kwetu pia ndivyo, msiba unapikiwa na majirani. Nikamwambia hakuna aliyekufa, ninasafiri tu kwenda kwa mama.

"Siku ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Ufunguo wa gari uko wapi?"

Hakuuliza zaidi ya hapo. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kuomba, yakabaki kooni. Nilipogusia njia ya miguu, kwamba ningetafuta kijana wa kumlipa, akasema bila kuniangalia kwamba hapana haja, sehemu ya kwangu yeye huisafisha siku zote.

Majira manne ya baridi nimerudi kutoka zamu alfajiri nikakuta njia imekwisha kufagiliwa hadi kwenye ngazi yangu, chumvi imemwagwa nisiteleze. Nilidhani mwenye nyumba ameajiri mtu. Kumbe ni huyu mzee, anaamka saa 11 alfajiri na beleshi lake, anamaliza kwake, anavuka barabara. Niliona haya. Mimi ninayewaambia watu wa huku kwamba kwetu jirani ndiye ndugu, nilikuwa nimetendewa ujirani miaka minne sijui, wala sijawahi kusema ahsante.

Siku hiyo ndipo akanionyesha vijidaftari. Akaniuliza kama kwetu kuna ziwa. Nikamtajia Chala, ambalo limekaa ndani ya shimo la volkano ya zamani mpakani mwa Tanzania na Kenya, upande wa chini wa Rombo, maji ya rangi ya feruzi, kingo zake zimesimama kama ukuta. Kina chake? Mita tisini na kitu. Linaganda mwezi gani? Nikamwambia haligandi. Akanyamaza kidogo. Kisha akachukua penseli, akaandika jina lake herufi moja moja kadiri nilivyomtajia, na mbele yake akachora mstari mtupu.

Kazini habari zilinitangulia. Yuko bibi mmoja wa zaidi ya miaka tisini ambaye vidole vyake bado vinafuma. Usiku mmoja nilipompelekea dawa akanisimamisha: "Mama yako ana kichwa kikubwa au kidogo?" Alikuwa amesikia kwamba kwetu ni Kilimanjaro, na Kilimanjaro kuna theluji, basi akaamua mama anahitaji kofia ya sufu. Nilitaka kumsahihisha, kwamba theluji iko kileleni Kibo, mita 5,895 juu, na sisi tuko chini kwenye migomba na kahawa. Halafu nikaikumbuka Julai ya kwetu Mkuu, Rombo, ukungu ukishuka mpaka mlangoni, na mama anavyojifunga kitenge kichwani akichochea moto asubuhi. Nikajibu kwamba ni kidogo. Kofia ilikuwa tayari baada ya siku nne, ya buluu.

Ndege inaruhusu masanduku mawili, kila moja kilo 23. Nyumbani tunapima kwa mizani ya bafuni: unapanda peke yako, unapanda tena umelikumbatia sanduku, unatoa. Nimepanda mizani ile wiki hizi mpaka nimechoka, kwa sababu Mtanzania akisafiri huku, wenzake wote wanajua kabla ya jioni. Kila mmoja ana kabahasha. Miwani ya kusomea ya baba, viatu vya mtoto ambaye hadi vifike mguu utakuwa umeshakua, vitamini, simu iliyofungwa ndani ya soksi. Wako wanaokataa kubeba mizigo ya watu, na sababu wanayo. Hujui kilichoshonwa ndani. Mimi hufungua kila kitu mbele ya mwenyewe, nikafunga kwa mikono yangu, na sioni kama ni kumvunjia mtu heshima.

Dada mmoja alileta picha ya marehemu baba yake, kubwa, yenye fremu na kioo. Hakuweza kwenda kumzika. Karatasi zake za ukaazi bado zinashughulikiwa, na akitoka hana uhakika wa kurudi. Aliikuza picha hiyo huku ili itundikwe sebuleni kwao, Kilema. Tulipoiweka kwenye mizani ilikuwa kilo tatu na ushee, na sanduku lilikuwa limeshajaa. Akaanza kuomba radhi na kuinyanyua airudishe. Nikatoa viatu vyangu viwili na koti la mvua, tukaizungushia mataulo na gauni la kanisani. Alilibonyeza sanduku kwa magoti mpaka zipu ikafika mwisho.

Kwa ajili ya shangazi zangu nilikwenda Karmel, soko la Wasomali karibu na Lake Street, kutafuta marashi na mitandio. Ukiingia pale kutoka kwenye theluji, miwani huziba ukungu, na kabla hujaona chochote unasikia ubani na chai ya viungo. Nilikuwa nimesimama mbele ya kiduka nikiongea na kaka yangu kwa simu, na mama mwenye duka akawa ananitazama bila kupepesa. Nilipokata simu akauliza kwa Kiswahili laini cha pwani, "Wewe wa Mombasa?"

"Shikamoo mama. Hapana, mimi wa Rombo, Tanzania."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Akanivutia kigoda. Kwao ni Barawa, mji wa pwani ya kusini ya Somalia ambao wenyeji wake wana Kiswahili chao wenyewe, Chimwini. Vita vilipowafikia mwaka 1991 walipakiwa kwenye jahazi mpaka Mombasa, wakakaa kambi ya Utange, na miaka ikapita mpaka wakaletwa huku. Watoto wake humjibu kwa Kiingereza. Alisema ziko siku anaongea na chungu jikoni ili maneno yasimtoke. Nikabaki pale karibu saa nzima, wateja wakija na kuondoka, naye akawa ananiuliza vitu vya kawaida kabisa: mchele wa Tanzania bado unanukia? Embe dodo zimeanza?

Nilipomuuliza nimletee nini, akajibu, "Niletee mbuzi."

Nikashtuka, maana kwetu Rombo mbuzi wa Desemba ni ndafu. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa mtandio. Alikuwa anataka mbuzi ya kukunia nazi, ile ya kukunja, ya mbao na ulimi wa chuma. Tui la kopo analinunua hapa, alisema, lakini mkono wake umesahau sauti ya kukuna. Jioni ile ile nikampigia tena kaka Dar es Salaam. Yeye naye yumo katika pilika za kwenda kuhesabiwa, kama wanavyotutania sisi Wachagga kila Desemba: tiketi za basi zinagombewa, kituo cha Magufuli kule Mbezi kimefurika, nyumba anamwachia mpangaji mwenzake na mbwa wake wawili. Nikamwambia kabla hajapanda basi apite Kariakoo, anunue mbuzi. "Ya nini Rombo?" akauliza. Nikamwambia si ya Rombo, ni ya mama yangu mmoja Minneapolis.

Mama yangu mzazi kila nikimpigia anasema hataki kitu. "Njoo mwenyewe." Amekwisha kumwambia kijana akwangue njia ya kuingilia, mbege imepangiwa siku, na kile chumba cha pembeni kimepigwa chokaa.

Leo mchana mzee alinileta uwanjani kwa gari langu, ili ajifunze breki zake, alisema. Nyuzi 17 chini ya sifuri. Funguo za nyumba nimempa kwenye kitanzi cha uzi mwekundu, na karatasi ya maelekezo nimeiandika kurasa mbili ingawa najua anayafahamu mabomba kuliko mimi. Tulipofika mlangoni akashusha masanduku, akaupima uzito wa lile lenye picha kwa mkono, akaliweka kwa upande wake, taratibu, kabla sijamwambia lolote.

Kisha akanyoosha mkono. "Koti."

Watu wa hapa wanalijua hili. Koti la majira ya baridi ni mzigo mtupu huko niendako, lina kilo mbili na halikunjiki. Anayekuleta ndiye anayerudi nalo, nawe unakimbia hatua kumi hadi ndani ukiwa na sweta. Nikalivua. Baridi ikanishika mgongoni mara moja. Akalilaza kwenye kiti nilichokuwa nimekalia, akaniuliza siku na saa ya kurudi, ingawa nimeandika mara mbili kwenye ile karatasi. Alitaka kuisikia. Akavua glavu moja kwa meno, akatoa kijidaftari, na kupitia dirisha la gari nikaona anaandika chini ya kipimo cha barafu cha asubuhi, inchi 5 na nusu: Januari 10, saa 9 alasiri, koti.