Kufuga Moli ni Kufuga Maji

Wako vijana wengi siku hizi wapendao kuweka samaki wa mapambo nyumbani katika tangi la vioo, na mmoja wa samaki wanunuliwao sana ni yule aitwaye moli. Kijana hununua wanne Nairobi au Kampala, akawaleta Busia au Tororo kwa furaha kubwa. Siku ya tatu mmoja anaelea ubavu juu ya maji. Baada ya juma moja wamekwisha wote. Ndipo watu husema ya kwamba samaki wa mjini hawapatani na hewa yetu. Sivyo. Hewa haina hatia. Mara nyingi walioua ni maji, na maji hayo tumeyatengeneza sisi wenyewe.

Kwanza yafaa tumjue mgeni wetu. Asili ya moli ni Mexico, Amerika ya Kati na sehemu za kusini za Marekani. Huko huishi katika mito, vijito na hata midomo ya mito ambapo maji ya bahari huingia. Maji aliyoyazoea ni ya vuguvugu, tena ni magumu, yaani yana chokaa nyingi ndani yake. Mpeni maji laini yasiyo na chokaa, naye atadhoofika hata kama ni safi kama machozi.

Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Twakinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati, twayaona meupe, twadhani hakuna yaliyo bora kuliko hayo. Kumbe maji ya mvua ni laini kuliko yote. Ili kuyajua maji yako, chukua chupa mbili. Moja itie maji ya mvua, ya pili maji ya kisima au ya bomba lako. Katika kila moja tia kipande kidogo cha sabuni ya mche, vilingane, kisha tikisa sana. Maji laini yatatoa povu jingi upesi. Maji magumu yatatoa povu kidogo, na utaona utando mweupe juu yake. Ukiona kisima chako kinafanana na mvua, moli watahitaji msaada.

Msaada huo hauko mbali. Jabali la Tororo, tunalolitazama kila siku, ni mabaki ya volkano ya zamani sana, na sehemu kubwa ya mawe yake ni ya chokaa. Ndiyo sababu kiwanda cha saruji kilijengwa katika mji ule miaka ya 1950. Chukua kijiwe, kidondoshee siki. Kikitoa vipovu, kina chokaa. Kioshe vizuri, ukiweke tangini pamoja na wenzake wachache, nao watayeyuka polepole na kuyafanya maji kuwa magumu. Makombe ya konokono yaliyooshwa nayo yafaa. Lakini angalia sana: usitie unga wa saruji wala chokaa ya kupakia ukuta! Hizo zimechomwa motoni, na zikiingia majini huwa kali, zikaunguza matamvua ya samaki siku hiyo hiyo. Wengine hutia chumvi ya mezani. Moli huivumilia chumvi, lakini chumvi haina chokaa, kwa hiyo haiwezi kushika nafasi yake.

Jambo la pili halionekani kwa macho. Samaki hula, na samaki hunya. Kinyesi chake na mabaki ya chakula huoza na kutoa sumu iitwayo amonia. Katika mto sumu hiyo huchukuliwa na maji, bali katika tangi haina pa kwenda. Mungu amejalia vijidudu vidogo vinavyoishi juu ya mawe na katika kichujio. Aina moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Aina ya pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa ikiwa ni kidogo. Vijidudu hivyo haviji kwa siku moja. Huchukua majuma manne hadi sita kuongezeka vya kutosha. Basi, mwenye kujaza tangi leo na kutia samaki kumi kesho amewaweka wageni katika nyumba isiyo na choo.

Kwa hiyo anza na samaki wawili au watatu, wala usiwalishe sana. Tangi la lita 60 latosha moli wanne au watano. Kila juma ondoa robo ya maji na kutia mapya. Maji ya bomba yenye dawa yaache katika beseni wazi siku moja kwanza ili klorini itoke, maana klorini huua vijidudu na samaki pia. Kichujio kioshe katika maji ya tangi yaliyotolewa, si chini ya bomba. Umeme ukikatika na pampu ya hewa ikasimama, teka maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu mara kwa mara, ili yapate hewa.

Joto linalomfaa moli ni nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi. Mchana hatuna shida, lakini usiku wa mvua maji hupoa. Weka tangi mbali na mlango, wala usiliweke dirishani penye jua kali, maana maji yatachemka mchana na kupoa usiku. Moli akiwa hana raha hutikisika mahali pamoja bila kwenda mbele, kama mtu mwenye homa. Ukiona hivyo, usikimbilie dawa. Pima joto, ujaribu maji kwa sabuni, ubadilishe robo yake. Vidonge vyeupe kama chembe za chumvi mwilini ni ugonjwa wa kuambukiza. Huyo mtenge upesi.

Kwa chakula, moli hupenda mboga. Mpe kipande kidogo cha mchicha au sukuma wiki kilichochemshwa bila chumvi wala mafuta, pamoja na chakula cha dukani. Viluwiluwi vya mbu huvila kwa pupa. Mpe kiasi atakachomaliza kwa dakika mbili, basi.

Moli hatagi mayai, huzaa watoto walio hai, na jike aweza kuzaa makumi kila mwezi. Hata ukimtenga na dume ataendelea kuzaa kwa miezi kadhaa, kwa kuwa huhifadhi mbegu mwilini. Panda majani mengi ili watoto wajifiche, la sivyo mama yao mwenyewe atawala.

Na hapa ndipo penye neno zito kuliko yote. Tangi likijaa, usiwamwage mtoni! Mto Sio huingia Ziwa Victoria, na mto Malaba huteremka kuelekea Ziwa Kyoga. Sangara, tumwitaye mbuta au mputa, alitiwa katika maziwa hayo miaka ya 1950 na 1960. Alileta biashara kubwa, lakini kufika miaka ya 1980 aina nyingi za fulu, au nkejje, zilikuwa zimetoweka Victoria. Gugu maji nalo, lililoonekana katika ziwa hilo mwishoni mwa miaka ya 1980, ni ua la mapambo kutoka Amerika ya Kusini. Aliyelipenda kwa uzuri wake hakukusudia kufunga njia za mitumbwi.

Basi, ndugu zangu, watoto wa moli wakizidi, mpe rafiki, au wapeleke katika maabara ya shule. Tena umfundishe yule unayempa ajaribu maji yake kwa sabuni kabla hajabeba samaki hata mmoja.