CHAKULA CHA KUSHIKA MKONONI KWA MTOTO WA MWAKA MMOJA



Mtoto aliyetimiza mwaka mmoja ana meno machache, tumbo dogo na mikono isiyotulia. Kila anachokiona anataka kukishika na kukitia mdomoni. Huo si utundu. Ni dalili kwamba yuko tayari kujifunza kula mwenyewe. Katika karatasi hii tunaeleza namna ya kumwandalia vyakula vya kushika kwa mkono kutokana na vitu vya mgao, bustani ya nyumbani na soko la kambini. Mifano yetu inatoka katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, lakini walio katika kambi nyingine wanaweza kuifuata pia.

Tunafahamu kwamba chakula hakitoshi. Mwaka 2023 mgao katika kambi za Tanzania ulipunguzwa hadi nusu kwa sababu ya upungufu wa fedha, na kila familia iliona tofauti ndani ya sufuria. Kwa hiyo hatutakuambia ununue maziwa ya kopo wala biskuti za dukani. Jambo tunalotaka ulishike ni hili: mtoto wa mwaka mmoja anaweza kula chakula cha familia, mradi sehemu yake itengwe mapema, ilainishwe, ikatwe vizuri, na awepo mtu wa kukaa naye anapokula.

KWA NINI ALE MARA NYINGI?

Tumbo la mtoto mwenye uzito wa kilo 8 huchukua kiasi cha kikombe kimoja tu cha mililita 250. Hata ukimpa chakula kingi mchana, hawezi kukila chote. Lakini mwili wake unakua haraka na unahitaji nguvu nyingi. Ndiyo maana anahitaji milo 3 au 4 kwa siku, na katikati ya milo apewe kitu kidogo mara 1 au 2. Hapo ndipo chakula cha mkononi kinapofaa: hakihitaji kuwasha moto upya kila mara, na mtoto anakila polepole.

Endelea kumnyonyesha. Maziwa ya mama bado ni chakula muhimu hadi atimize miaka 2 na zaidi. Chakula cha mkononi hakiondoi uji wala titi. Kinaongezea.

KIPIMO CHA KIDOLE

Kabla ya kumpa mtoto kipande chochote, kibonyeze kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Kikipondeka bila kutumia nguvu, fizi zake zitakiponda pia. Kisipopondeka, kirudishe kwenye sufuria au kiponde kabisa. Kata vipande virefu na vyembamba kama kidole chako kidogo, ili akishika upande mmoja aume upande wa pili.

VYAKULA VYA KUJARIBU

1. Vidole vya unga wa uji. Chukua vikombe 2 vya unga wa uji wa mahindi na soya na kikombe kimoja cha unga wa mahindi. Pika uji mzito, ukikoroga kwa dakika 10 au zaidi mpaka uive na ushikane. Tia kijiko cha mafuta ya kula. Umimine juu ya sahani safi, usawazishe, uache upoe, kisha ukate vipande virefu. Ukitaka, vipashe kidogo kwenye kikaango ili visiachane mkononi.

2. Vidole vya maharagwe. Loweka maharagwe usiku kucha na umwage maji hayo. Yakilowekwa huiva upesi, na kuni zinapungua. Yachemshe mpaka yawe laini kabisa, kwa maana maharagwe yasiyoiva humtapisha na kumharisha mtoto. Yaponde, changanya na kiazi kitamu kilichochemshwa na mafuta kidogo, kisha finyanga vipande. Mbaazi na kunde pia zinafaa.

3. Kiazi kitamu, boga na ndizi za kupika. Vichemshe ndani ya sufuria ileile ya familia, bila kuwasha moto wa pili. Viazi vya rangi ya chungwa na maboga vina vitamini A, inayolinda macho na kumsaidia mtoto kupambana na magonjwa. Ukiwa na mawese, paka tone moja juu ya kipande: nayo yana vitamini hiyo.

4. Ugali laini. Tenga ugali kidogo kabla hujawa mgumu. Finyanga tonge bapa, siyo la mviringo, lichovye katika mchuzi wa maharagwe au wa mboga, na umpe likiwa limelowa. Tonge kavu hunata kooni.

5. Dagaa. Dagaa wa ziwa Tanganyika, ambao wengi wenu mnawaita ndagala, hujenga mwili na damu. Usimpe mtoto dagaa mzima. Toa vichwa, wakaange bila mafuta mpaka wakauke, watwange wawe unga laini, uuchunge. Kijiko kimoja cha unga huo changanya katika vidole vya maharagwe au nyunyiza juu ya ugali laini.

6. Yai na lengalenga. Kama una kuku, yai moja linaweza kuwa chakula kizuri cha mtoto. Lipige pamoja na lengalenga (mchicha) iliyochemshwa na kukatwakatwa sana, likaange mpaka liive pande zote, kisha kata vipande virefu.

7. Matunda laini. Papai bivu, embe bivu, ndizi na parachichi havihitaji moto. Osha tunda kwa maji safi kabla ya kulimenya. Parachichi lina mafuta mengi na humpa mtoto nguvu katika kipande kidogo.

Usitie sukari, na chumvi iwe kidogo sana. Usimpe chai pamoja na chakula: chai huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga, na mtoto huishiwa damu.

VYAKULA VYA HATARI

Mtoto wa mwaka mmoja hupaliwa kwa urahisi. Usimpe karanga nzima, punje za mahindi ya kuchoma, bisi, pipi ngumu, muwa, karoti mbichi, kipande cha nyama ngumu wala samaki mwenye miiba. Karanga zikisagwa na kuchanganywa katika uji au mboga ni chakula bora. Zikiwa nzima zinaweza kuziba njia ya hewa.

Mtoto ale akiwa amekaa, si akiwa anatembea, amelala au amebebwa mgongoni. Mara nyingi anayemwangalia mtoto ni dada yake mwenye miaka minane au tisa, wakati mama yuko kwenye maji, kuni au foleni ya mgao. Mwonyeshe dada huyo kipimo cha kidole na vyakula vya hatari. Mwambie kwamba asimpe mtoto chochote kigumu, hata kama analia, na asiondoke mtoto akiwa anakula.

AKIPALIWA UFANYE NINI?

Kama anakohoa kwa nguvu au analia, hewa inapita. Mwache aendelee kukohoa, usimpige, kaa naye. Kama hawezi kulia, kukohoa wala kupumua, fanya haraka:

(a) Mwinamishe juu ya paja lako, kichwa chini kuliko kifua. Mpige mara 5 katikati ya mabega kwa sehemu ya chini ya kiganja.

(b) Kitu kisipotoka, na mtoto ametimiza mwaka mmoja, piga magoti nyuma yake. Weka ngumi juu kidogo ya kitovu, chini ya mbavu, ishike kwa mkono wa pili, na uvute kwa ndani na juu mara 5. Kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka usibonyeze tumbo: mlaze chali, kichwa kikiwa chini, na bonyeza katikati ya kifua mara 5 kwa vidole viwili.

(c) Rudia (a) na (b) mpaka kitu kitoke, huku mwenzako akikimbia kuita msaada wa kituo cha afya. Usitumbukize kidole kooni kutafuta kitu usichokiona, maana utakisukuma ndani zaidi. Mtoto aliyebonyezwa tumbo apelekwe kituoni hata akionekana mzima.

MIKONO NA SAHANI

Chakula cha mkononi kikiliwa kwa mikono michafu huleta kuhara, na kuhara humpokonya mtoto chakula chote ulichompa. Osha mikono yako na ya mtoto kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kibuyu chirizi kilichotundikwa mlangoni kinatosha. Usimpe chakula kilichopikwa na kukaa wazi zaidi ya muda wa saa mbili. Kama umebakiza, kifunike, na kabla ya kumpa kipashe mpaka kiwe cha moto kabisa, kisha kiache kipoe.

Mpe sahani yake. Katika sinia la pamoja wakubwa wana mikono ya haraka, na mdogo huambulia mchuzi. Akiwa na sahani yake unaona amekula nini na amebakiza nini. Kwa umri huu lengo ni robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima kwa kila mlo.

Wazazi wengine husema: "Akila mwenyewe anamwaga, na chakula chenyewe ni kidogo." Ni kweli. Basi mpe kipande kimoja kimoja, tandika kitambaa safi au sahani pana chini yake, na wakati anashughulika na kipande chake, wewe mlishe uji kwa kijiko. Hivyo anajifunza na pia anashiba. Usimlazimishe. Zungumza naye, mtazame usoni, mngoje ameze.

MFANO WA SIKU MOJA

Saa 1 asubuhi: uji mzito wa unga wa mgao.
Saa 4: vidole vya unga wa uji au kiazi kitamu.
Saa 7 mchana: ugali laini, maharagwe yaliyopondwa na lengalenga.
Saa 10: papai, ndizi au parachichi.
Saa 1 jioni: vidole vya maharagwe vyenye unga wa dagaa, na sehemu ya chakula cha familia.
Mchana na usiku: titi kila anapotaka.

Usipopata vyote, chagua vitu viwili na uvipange hivyohivyo. Kula mara nyingi ni muhimu hata kama chakula si cha aina nyingi.

LINI UENDE KLINIKI?

Mpeleke mtoto apimwe mzunguko wa mkono wa juu. Kipimo cha sentimita 12.5 na kuendelea ni kijani. Kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano, na anahitaji msaada wa lishe. Chini ya 11.5 ni nyekundu: ana utapiamlo mkali, na atibiwe bila kungoja. Mtoto aliyevimba miguu yote miwili aende siku hiyohiyo, hata kama mkono wake ni mnene. Nenda pia kama amekataa kula na kunyonya, au anaharisha na macho yamedidimia.

KUMBUKA

- Tenga sehemu ya mtoto kabla ya kupakua kwa wengine.
- Bonyeza kila kipande kabla ya kumpa.
- Osha mikono miwili yako na miwili yake.
- Kaa naye mpaka amalize.

Ukishasoma karatasi hii, msomee na jirani asiyejua kusoma.