Fahamu: Mafunzo Endelevu kwa Maofisa Ustawi na Washauri wa Uraibu

Ni elimu apewayo mtu aliyekwisha kuhitimu na kushika kazi, ili maarifa yake yasichakae: ofisa ustawi aangaliaye watoto, au mshauri wa waraibu wa dawa za kulevya, hurejea darasani kwa muda, aghalabu pasipo kuacha kazi.

Kwa nini shahada haitoshi

Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ilitungwa 2009, na methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ikaanza kutolewa katika Hospitali ya Muhimbili 2011. Aliyehitimu kabla ya hapo, awe hodari namna gani, hakuyasomea hayo chuoni.

Fani mbili zikutanapo

Mama aliyekuwa akitumia heroini, mwanawe mgongoni, hufika kliniki asubuhi na kunywa kipimo chake cha methadoni mbele ya mhudumu. Ofisa asiyeijua dawa hiyo humdhania angali katika uraibu, akafikiria hata kumwondolea mtoto, ilhali Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2014, limeikubali tiba hiyo hata kwa wajawazito. Kichanga naye huweza kutetemeka na kulia mno kwa kuikosa dawa aliyoizoea tumboni. Hali hiyo hutibika, wala si ushahidi wa ukatili.

Siri na taarifa

Hapa ndipo pagumu kupita pote. Mshauri ameahidi kuhifadhi siri ya mteja, nayo Sheria ya Mtoto yamwajibisha kila mwanajamii ajuaye kwamba haki za mtoto zinavunjwa kuiarifu mamlaka ya serikali za mitaa. Kwa hiyo hufundishwa kumweleza mteja mipaka ya siri hiyo tangu kikao cha kwanza.