Je, Wajua? Kisiwa Kilichotangulia Hadithi Yake

Je, wajua kwamba hadithi ya Kisiwa chenye Hazina ilianza kama ramani? Mwaka 1881, kijijini Braemar huko Uskoti, mvua ilikuwa haikatiki. Mwandishi wake, Robert Louis Stevenson, akaketi na Lloyd Osbourne, mtoto wake wa kambo, wakijipitishia muda kwa rangi za maji. Akachora kisiwa, akakitia ghuba na vilima. Alipokuwa akikitazama, maharamia wakaanza kumjia akilini, naye akashika kalamu.

Kasheshe ilikuja baadaye. Ramani ilitumwa kwa mchapishaji pamoja na mswada, lakini haikufika. Ikabidi Stevenson achore nyingine kinyumenyume: akapitia kitabu chote, akaorodhesha kila mahali palipotajwa, kisha akapima kwa bikari ili mchoro ulingane na maneno. Kazi hiyo ilifanyika katika ofisi ya baba yake, mhandisi wa minara ya taa, na mzee mwenyewe ndiye aliyeghushi saini ya Kapteni Flint, haramia wa hadithini! Hiyo ndiyo ramani iliyochapishwa mwaka 1883. Stevenson hakuiona kamwe kuwa ndiyo yenyewe. Kwake kisiwa cha kweli kilikuwa kile kilichopotea.

Mwandishi J.R.R. Tolkien naye alitanguliza ramani, akailazimisha hadithi iifuate. Alijua kwamba anayefanya kinyume chake hujikanganya kwenye masafa na siku za safari.

Je, wajua kwamba kompyuta nazo zimekuwa zikibuni ramani kwa zaidi ya miaka 40? Gemu ya Elite, iliyotolewa Uingereza mwaka 1984 na David Braben na Ian Bell, ilikuwa na galaksi 8, kila moja ikiwa na nyota 256, ndani ya kompyuta yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu. Hakuna ramani iliyohifadhiwa humo. Tarakimu chache za mwanzo zilikokotolewa kwa kanuni ileile, na kila mara zikazaa nyota zilezile na majina yaleyale. Inasimuliwa kwamba galaksi moja ilitupwa kwa sababu sayari yake mojawapo ilipewa jina la matusi. Mashine ilikuwa inaunga herufi tu, haikujua inamtukana nani.

Kipimo kizuri cha ramani ya kubuni, iwe ya mkono au ya mashine, ni mito. Mito huungana inaposhuka. Kugawanyika hutokea zaidi karibu na bahari, kama Rufiji kwenye delta yake. Ziwa nalo kwa kawaida lina mlango mmoja wa kutokea: Ziwa Viktoria hupokea Kagera na mito mingine mingi, lakini maji yake hutokea Jinja pekee. Wachoraji wanaoanza hukosea hapo sana. Programu inayokokotoa mwinuko wa ardhi haikosei kirahisi, kwa kuwa huyapeleka maji kila mara penye bonde. Lakini akili mnemba ya kutengeneza picha haikokotoi mwinuko. Huiga sura ya ramani tu, hata mto wake unaweza kupanda mlima.

Kwa gemu yenye maelfu ya sayari, mashine haina mpinzani. Kwa hadithi moja, mimi nachagua kalamu, maana mchoraji anajua kwa nini kila kilima kipo. Ukijaribu yako, anza na milima, teremsha maji hadi baharini, ndipo uweke miji.