Waliopaa Kutoka Pwani Yetu: Nani Awakumbuka?

Katika mwezi wa Agosti kuna siku moja ambayo hupita hapa Pwani kama zipitavyo siku nyingine, wala hapana aishtukiaye. Ni tarehe 20. Siku kama hiyo, katika mwaka 1943, ndege mbili za aina ya Catalina za Jeshi la Anga la Uingereza ziliizamisha nyambizi ya Kijerumani, U-197, kusini ya kisiwa cha Bukini, ambacho leo twakiita Madagascar. Ndege moja ilikuwa ya kikosi nambari 259 na ya pili ya kikosi nambari 265. Vikosi vyote viwili vilianzishwa hapa hapa Kipevu, Mombasa, mapema mwaka huo. Ndege ya kwanza iliijeruhi nyambizi, ya pili ikaimaliza, na watu 67 waliokuwamo wakaangamia wote.

Nilipoitaja habari hii barazani jioni moja, kijana mmoja alinikatiza. "Ami," akasema, "sisi yatuhusu nini? Wazungu walipigana wao kwa wao."

Sikumlaumu. Swali lake ni la haki, na wengi wetu tunalo moyoni hata kama hatulisemi. Makala haya ni jawabu langu kwake, na kwa kila anayeuliza kama yeye. Nami nitaanzia mbali kidogo na bahari, katika nyika ya Kinango.

VITA VYAFIKA MLANGONI

Mwezi wa Aprili mwaka 1942 ulikuwa mzito kwa Waingereza katika Bahari ya Hindi. Tarehe 5 ndege za Kijapani zilishambulia Colombo, na tarehe 9 zikaishambulia Trincomalee na kuizamisha manowari ya kubebea ndege iliyoitwa Hermes. Msafara wa manowari za Mashariki, chini ya Amiri James Somerville, haukuwa tena na pahali pa salama kule Ceylon. Ukarudi nyuma hadi Kilindini.

Hivyo ndivyo bandari yetu ilivyogeuka kuwa kituo kikuu cha vita vya bahari nzima. Skuli ya Allidina Visram, ambayo wengi wetu twaijua kwa mitihani na michezo, ilifanywa makao ya wataalamu waliokaa usiku na mchana wakisikiliza simu za upepo za Wajapani na kuyafumbua maandishi yao ya siri. Huko Kipevu, ndege ziwezazo kutua juu ya maji zilifungwa nanga kama majahazi. Mojawapo ya vikosi vilivyoletwa hapo ni nambari 209, ambacho mwaka mmoja kabla, tarehe 26 Mei 1941, ndege yake ndiyo iliyoiona manowari kubwa ya Kijerumani Bismarck ilipokuwa ikitafutwa katika bahari ya Atlantiki.

Sasa tazama jambo hili. Manowari ya kubebea ndege ikishatia nanga bandarini, ndege zake haziwezi kuruka kwa salama kutoka sitahani, kwa sababu zahitaji meli iende mbio dhidi ya upepo. Basi kabla ya meli kuingia gatini, ndege hupelekwa nchi kavu, na marubani huendelea na mazoezi yao huko. Kwa ajili hiyo vilitumiwa viwanja kama Port Reitz, ambapo leo ni uwanja wa kimataifa wa Moi, na kile cha Mackinnon Road.

Mackinnon Road ni Kinango. Mtu atokaye mjini Kinango hupanda hadi Samburu, akishika njia kuu hupita Taru, kisha hufika hapo, kiasi cha kilomita 100 kutoka Mombasa. Ni nchi ya Waduruma, nchi ya vichaka vya miba, vumbi jekundu na maji ya kutafuta. Jina lenyewe ni la William Mackinnon, mwenyekiti wa ile kampuni ya Kiingereza iliyotawala kabla ya Serikali yao kushika hatamu. Katika anga hiyo, vijana wa jeshi la majini walikuwa wakizungusha ndege zao, wengine wao wakiwa na umri wa miaka ishirini na kitu, umri wa kijana wangu wa barazani.

KAZI YA KUTAZAMA MAJI

Watu hudhani kwamba rubani wa vita ni mtu wa kupigana angani tangu asubuhi hadi jioni. Kazi ya wale wa Kipevu haikuwa hiyo. Kazi yao ilikuwa ni kutazama maji.

Catalina ilikuwa na injini mbili, na mbawa zenye upana wa zaidi ya mita 31. Haikuwa na mbio, walakini ilikuwa na subira: iliweza kukaa angani saa 20 na kuzidi. Ndani yake walikuwamo watu wanane au tisa: marubani, mwenye kuongoza njia, mafundi wa mitambo, wapokezi wa simu ya upepo na wapiga bunduki. Wakipaa alfajiri, aghalabu jua lilikuwa likiwachwea wangali juu ya bahari. Walikula humo, wakalala kwa zamu humo, na macho yao hayakutakiwa kuondoka kwenye maji, kwani nyambizi ikishaona ndege hupiga mbizi kwa muda wa chini ya dakika moja. Siku nyingi hawakuona kitu. Walirudi wakiwa na masikio yaliyozibwa na ngurumo za injini, na kesho yake wakenda tena.

Na wako ambao hawakurudi. Bahari haina alama. Injini ikifa kilomita mia saba kutoka pwani, au mawingu ya kusi yakimziba mwongozaji hata akapotea, basi habari yao ilikwisha kwa simu ya mwisho iliyopokewa, au bila ya simu yoyote.

Sasa, kijana wangu, sikiliza walikuwa wakimlinda nani.

Tarehe 5 Februari 1944 msafara wa meli ulitoka Kilindini kwenda Colombo. Miongoni mwake ilikuwamo Khedive Ismail, meli ya abiria iliyogeuzwa kuwa ya kuchukulia askari. Ndani yake walikuwamo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, kikosi nambari 301, pamoja na mabaharia, askari wa Kiingereza na wauguzi wanawake. Tarehe 12, siku ya Jumamosi mchana, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Meli ile ilizama kwa muda usiofika dakika tatu. Watu karibu 1,300 walikufa, na wengi wao walikuwa Waafrika kutoka nchi zetu hizi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa nyambizi moja tu ilipopenya. Basi hesabu mwenyewe meli zilizopita salama, na askari waliofika wanakokwenda wakarudi kwa wake zao, kwa sababu nyambizi fulani iliona kivuli cha Catalina ikaogopa kuinuka. Kutoka Kenya peke yake walichukuliwa karibu watu 98,000 katika vita vile, nao waliovuka bahari kwenda Bukini na Burma walivuka chini ya macho ya wale watazamaji. Huenda babu yako alikuwa mmoja wao. Ndiyo maana nasema yatuhusu.

MAJINA YALIYOANDIKWA NA YASIYOANDIKWA

Baadhi ya wafu wa vita vile wamezikwa Mbaraki, Mombasa. Na wale wa jeshi la anga waliopotea bila kaburi katika Afrika Mashariki na Bukini, majina yao yamechongwa mbali sana na maji yaliyowameza, kwenye jengo la kumbukumbu la El Alamein nchini Misri, pamoja na wanahewa wengine zaidi ya 3,000. Si haba. Mama yake rubani, au leo mjukuu wa ndugu yake, aweza kwenda huko, akaweka kidole juu ya jiwe na kusema: huyu ni wetu.

Lakini ndege haipai kwa rubani peke yake. Uwanja haujifyeki wenyewe katika miiba ya nyika, wala pipa la petroli halijiviringishi lenyewe. Kazi ya sulubu katika viwanja vya vita vya Afrika Mashariki ilifanywa na Waafrika, wengine wakiwa katika vikosi vya kazi vya jeshi, wengine vibarua wa siku. Majina yao yako wapi?

Jambo hili lina mizizi mirefu. Pale Mombasa, kwenye barabara ya Jomo Kenyatta, imesimama sanamu ya kuwakumbuka askari wa Kiafrika na wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, wale wa Kariakoo. Sanamu ni nzuri, lakini haina jina la mtu hata mmoja. Miaka ile ya 1920 wakubwa waliamua kwamba kwa wapagazi yatosha sanamu moja kwa wote. Mnamo Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, waliokufa katika Vita vya Kwanza hawakuandikwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri.

Basi mtu akiniambia tuwakumbuke marubani, namwambia naam, na tuwakumbuke kwa haki kamili. Tumkumbuke aliyekuwa juu, na tumtafute aliyekuwa chini akisukuma.

FUNZO LA KABURI LA NJIANI

Kinango yenyewe ina funzo juu ya hili. Kila dereva apitaye Mackinnon Road aujua msikiti ulio kando ya reli, wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah. Alikuja kutoka Bara Hindi kujenga reli katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Husimuliwa kwamba karai la kokoto alilokuwa akichukua lilielea juu ya kichwa chake bila ya kumgusa. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Alikuwa mgeni, kazi yake ilikuwa ni ya jasho, wala hakuacha mali. Na hata hivyo, zaidi ya miaka 100 baadaye, malori husimama, watu hutawadha, wakaswali, wakamwombea, ndipo wakaendelea na safari yao.

Reli ile ilijengwa na maelfu, na wengi wao hawana wa kuwataja. Huyu mmoja ametajika kwa sababu watu walisimama. Kumbukumbu haishikwi na jiwe tu; hushikwa na mtu asimamaye.

Najua yuko atakayeuliza kama yafaa Muislamu kusimama kwa ajili ya watu wasio wa dini yake. Tulisoma chuoni kwamba masahaba wawili, Sahl bin Hunaif na Qais bin Saad, walikuwa wameketi Qadisiya likapita jeneza, wakainuka. Wakaambiwa kwamba maiti yule si Muislamu. Wao wakasimulia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipitiwa na jeneza akasimama, na alipoambiwa kuwa ni la Yahudi, aliwauliza kama huyo naye si nafsi. Kuombea rehema ni mlango mwingine wenye maulamaa wake. Mimi nazungumza juu ya heshima ya nafsi, na mlango huo haukufungwa. Kwa heshima hiyo hiyo, wale Wajerumani 67 wa U-197 nao walikuwa na mama zao.

Wala heshima hiyo haitutaki tusahau mengine. Mackinnon Road hiyo hiyo, mwaka 1954, katika siku za Hali ya Hatari, ilikuwa kambi ya kuzuilia watu. Maelfu ya waliokamatwa Nairobi walimiminwa huko na Manyani bila ya kuhukumiwa. Dola ile iliyolindwa na mashujaa wa angani ndiyo iliyowafungia wananchi ndani ya seng'enge. Yote mawili ni kweli, na mwenye kumbukumbu timamu huyachukua yote mawili. Rubani wa miaka 22 aliyezama na ndege yake hakuijenga kambi ile, na aliyefungwa kambini hana la kumwomba radhi mtu.

Mwaka 2025 ulitimiza miaka 80 tangu vita vile vikome. Waliovishuhudia wakiwa watu wazima ni wachache mno sasa. Majumbani kwetu, katika masanduku ya mbao, bado mna vyeti vya kuachishwa jeshi, nishani zilizoingia kutu na picha zisizo na maelezo. Haya ni majina, na kila msimu wa mvua mchwa hupunguza moja. Nawaomba walimu wa Kinango, Samburu na Taru wawatume wanafunzi wao kwa wazee na daftari mkononi: nani katika ukoo alifyeka uwanja, nani alichukua mapipa, nani alipanda meli asirudi? Na tarehe 20 Agosti iwe ndiyo siku ya kuyasoma majina hayo kwa sauti, pamoja na habari za wale wa Catalina.

Nami, kwa kuwa mshairi hawezi kuondoka mikono mitupu, nauacha ubeti huu:

Wako walioazima, mbawa wakenda angani,
Na wengine walolima, wakafyeka kichakani,
Kwetu majina yazama, kama jiwe kisimani,
Tusipoandika mema, tutawalipa kwa nini?