Acha kuficha jalada! Riwaya saba za mapenzi za kuanza nazo

NIAMBIE ukweli. Ukipanda matatu na kitabu chenye picha ya jamaa kifua wazi akimkumbatia mrembo, utakishika vipi? Mimi nilikuwa nakifunga kwa gazeti. Kweli tena. Miezi kadhaa nilisafiri kutoka mtaani hadi tauni nikisoma riwaya za mapenzi zilizovishwa kurasa za michezo, abiria wa kando akidhani nafuatilia matokeo ya ligi.

Siku moja gazeti likachomoka. Makanga akaokota kitabu, akatazama jalada, akanitazama mimi. Nikajua leo nimekwisha, gari zima litacheka hadi stejini. Jamaa akanirudishia polepole, akainama, akaninong'onezea: "Bosi, ukimaliza unipee. Kuna mtu nataka kumsomea."

Tangu siku hiyo sifichi tena. Na leo nataka na wewe uache kuficha.

Kwanza nikueleze kijana kama mimi nilivyoingia humu. Karo iliniishia nikiwa mwaka wa pili chuoni. Sikufeli wala sikufukuzwa, pesa ziliisha tu, na ofisi ya fedha haipokei hadithi. Mama mmoja anayeuza vitabu kuukuu kando ya barabara katikati ya jiji akanipa kibarua: kuvipanga asubuhi, kuvifunika nailoni mvua ikitishia, kuvirudisha stoo jioni. Kuna mtu mmoja muhimu sana ambaye sikumwambia kwamba nimeacha chuo. Nitarudi kwake hapo mwisho.

Pale kibandani niligundua kitu. Vitabu vya jinsi ya kuwa tajiri vinashikwashikwa sana. Vya mapenzi ndivyo vinavyonunuliwa. Wauguzi wakitoka zamu ya usiku, wasichana wa ofisini, walimu, mama wa makamo anayetaka vitatu kwa soo mbili. Na wanaume pia, usishtuke. Ila wao wana wimbo mmoja: "Ni cha dada yangu." Huyo dada ana bahati, ana ndugu wengi kweli.

Shida ilikuwa moja. Mteja akiinua kitabu na kuuliza "Hiki kiko aje?", sikuwa na jibu. Yule mama akaniambia, "Kijana wangu, muuza mandazi asiyeonja atauzaje?" Nikaanza kuonja. Sijaacha hadi leo.

Najua unachotaka kusema: hizi si ni porojo za watu wasio na kazi? Mwisho unajulikana ukurasa wa kwanza! Ni kweli, riwaya za aina hii zina kanuni mbili. Mapenzi yawe ndiyo uti wa mgongo wa hadithi, na mwisho ukuachie matumaini. Kampuni ya Mills & Boon, iliyoanzishwa London mwaka wa 1908, imeishi zaidi ya karne moja juu ya kanuni hizo. Lakini fikiria hivi: ukipanda matatu unajua itafika tauni. Unachotaka kujua ni itapitia njia gani, nani atapanda, na nani ataachwa stejini. Riwaya ya mapenzi ni hivyo hivyo.

Haya basi, orodha yangu hii hapa. Nimeanza na za zamani, kisha za siku hizi.

MAPENZI YA ENZI HIZO

1. Persuasion, ya Jane Austen. Wengi hukimbilia Pride and Prejudice ya mwandishi huyu, nami siwalaumu. Ila mimi nakupeleka kwa hiki, kilichotoka mwishoni mwa 1817, miezi michache baada ya Austen kufariki. Anne Elliot ana miaka 27, na kwa viwango vya Uingereza ya wakati huo ameshawekwa rafu ya juu. Miaka minane nyuma alimpenda baharia kijana, Frederick Wentworth, aliyekuwa hana hela wala jina. Mama wa familia aliyemheshimu akamshawishi amwache. Sasa babake Anne, mzee anayependa kioo kuliko daftari la hesabu, amezama kwenye madeni hadi anapangisha nyumba ya ukoo. Na Wentworth amerudi kutoka vitani akiwa nahodha tajiri, mwenye kinyongo kizito. Hakuna kelele humu. Watu wawili wanakaa chumba kimoja na hawasemezani, nawe unashika roho. Hakimilikiwi na mtu tena, kwa hiyo unakipata bure na halali kwenye tovuti ya Project Gutenberg. Simu yako inatosha.

2. Indigo, ya Beverly Jenkins. Ukidhani riwaya za mapenzi ya kale ni za Wazungu na magari ya farasi pekee, soma hiki cha 1996. Tuko Michigan, Marekani, miaka ya 1850. Hester Wyatt alizaliwa utumwani, na viganja vyake bado vina rangi ya nili kwa sababu ya kazi aliyofanyishwa utotoni. Sasa yuko huru, na nyumba yake ni kituo cha siri cha kuwaficha wanaotoroka utumwa. Usiku mmoja analetewa mtu aliyepigwa hadi hatambuliki. Huyo ndiye mtoroshaji maarufu ambaye wenye watumwa wanamwinda kila kona, na ni mtu wa majivuno ajabu. Jenkins aliwapa watu weusi wa karne ya 19 kitu ambacho vitabu vingi viliwanyima: haki ya kupendwa hadi mwisho wa hadithi. Kuna habari moja ya babake Hester, mtu huru aliyekubali kuwa mtumwa ili tu awe na mke wake. Niliisoma nikiwa kibandani, ikabidi nijifanye vumbi limeniingia machoni.

3. Vuta N'kuvute, ya Adam Shafi. Nani alikudanganya kwamba Kiswahili ni cha mtihani tu? Riwaya hii ya 1999 inaturudisha Zanzibar ya miaka ya 1950. Yasmin, binti wa Kihindi, ameozwa Bwana Raza, mwenye duka aliyemzidi umri mara kadhaa. Anatoroka. Watu wake wanamfungia mlango, na anayemfungulia ni Mwajuma, rafiki ambaye kila mmoja wetu angemhitaji. Halafu anatokea Denge, kijana anayepambana na serikali ya mkoloni, polisi wakimfuata kama kivuli. Je, unaweza kumpenda mtu ambaye ameshaipenda nchi yake kukuliko? Mwaka wa 2021 Amil Shivji aliigeuza kuwa filamu. Itafute, lakini kitabu kwanza.

4. Desertion, ya Abdulrazak Gurnah. Huyu ndiye Mzanzibari aliyeshinda Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka wa 2021. Kitabu ni cha 2005. Mwaka wa 1899, katika mji mdogo wa pwani yetu, mwenye duka anatoka alfajiri kwenda kufungua msikiti na kukuta Mzungu aliyechoka hoi akimwangukia miguuni. Anampeleka nyumbani. Nyumbani kuna dada yake, Rehana. Yanayotokea kati ya Rehana na yule mgeni yanakuja kumdai mjukuu wake, Jamila, Zanzibar nusu karne baadaye. Tahadhari: hiki na kile cha Adam Shafi havifuati ile kanuni ya mwisho mtamu. Ni riwaya kubwa zenye mapenzi ndani yake, na mapenzi yenyewe yanaumiza. Usikisome siku umeachwa.

MAPENZI YA SIKU HIZI

5. For Mbatha and Rabeka, ya David Maillu. Sawa, "siku hizi" hapa ni 1980, lakini uongo wa jiji haujabadilika. Mbatha ni mwalimu wa kijijini, na yeye na Rabeka wamependana tangu utotoni. Halafu anatokea mtu wa Nairobi, mwenye maringo ya Nairobi na pesa za Nairobi. Kitabu chembamba, unakimaliza wikendi moja. Waulize wazazi wako kama walisoma vitabu vya Pacesetters, kisha uone uso wa mathe ukirudi ujanani. Wangu alitaja majina matano bila kupumua, akakumbuka alivyovisoma kwa mwanga wa koroboi. Mama huyo huyo aliyekuwa akiniambia nisome "vitabu vya maana"!

6. Get a Life, Chloe Brown, ya Talia Hibbert. Uingereza tena, ila ya 2019. Chloe ni msichana mweusi anayetengeneza tovuti na anayeishi na maumivu ya mwili yasiyoisha, yale ambayo watu wakikutazama wanasema "lakini unaonekana uko fiti". Gari linakosa kumgonga kidogo tu, anaamua kuandika orodha ya mambo ya kufanya ili aishi kweli. Anahamia nyumba ya kupanga, na mwangalizi wa jengo ni Red, mchoraji aliyeumizwa na mpenzi wa awali hadi akaogopa kuonyesha picha zake. Nilichopenda ni hiki: Chloe haponi kwa sababu amependwa. Maumivu yapo. Red anajifunza tu kusogeza kiti kabla hajaombwa.

7. The Kiss Quotient, ya Helen Hoang. Cha 2018. Stella ni bingwa wa takwimu, ana usonji, na anaamini mapenzi ni somo ambalo mtu akilipa mwalimu mzuri atafaulu. Anamlipa Michael, mwanamume anayeuza muda wake kwa wanawake ili kulipia matibabu ya mamake. Wewe piga hesabu mwenyewe. Hoang naye aligunduliwa kuwa na usonji akiwa mtu mzima, na inaonekana: hamchekeshi Stella, anamwelewa. Nakuonya, hiki na kile cha Chloe vina mambo ya chumbani waziwazi. Kama hujafika miaka 18, subiri, havitoroki.

ILA SOMA NA MACHO

Sitakudanganya kwamba kila kinachoitwa mapenzi kwenye kurasa ni mapenzi. Kuna vitabu vingi, hasa vya miaka ya zamani, ambapo mwanamume anamfuatafuata mwanamke, anamvuta mkono, hasikii neno hapana, halafu mwandishi anatuambia huo ni moto wa penzi. Hapana. Januari 2024 maelfu ya wanawake waliandamana Nairobi na miji mingine ya Kenya kwa sababu ya dada zetu waliouawa, wengi wao na watu waliowajua. Baada ya hapo siwezi kusoma kurasa kama hizo kama nilivyozisoma zamani.

Kuna kipimo kimoja nilichokipata kwenye Jane Eyre ya Charlotte Brontë, ya 1847. Rochester ni tajiri, ana maneno, na anampenda Jane. Lakini ana mke aliyemfungia ghorofani na hakusema. Jane anafanya nini? Anaondoka, bila pesa, bila pa kwenda. Kwa hiyo ukisoma, jiulize: mhusika huyu angeweza kuondoka? Na akiondoka, angeachwa aende salama? Kama jibu ni hapana, hiyo si hadithi ya mapenzi, hata jalada liwe na maua.

SASA NIRUDI KWA YULE MTU

Nilisema kuna mtu sikumwambia. Nilikuwa na mpenzi. Kwa miezi minne baada ya kuacha chuo niliendelea kutoka nyumbani na begi mgongoni, nikimwambia niko darasani kumbe niko kibandani. Nilimsimulia hata mihadhara ambayo sikuhudhuria. Akaja kujua kupitia mtu mwingine. Hakuniacha kwa sababu sina digrii. Aliniacha kwa sababu ya mihadhara ile.

Nilisoma Persuasion mwaka mmoja baadaye. Kuna barua mle ndani, karibu na mwisho, ya mtu mwenye kiburi anayeamua hatimaye kusema kilicho moyoni bila kujua atajibiwa nini. Niliisoma mara tatu. Nikatoa simu, nikamwandikia. Sikumwomba arudi. Nilimwambia tu ukweli wote, kuanzia barua ya karo hadi lile begi, na kwamba niliona haya.

Alijibu baada ya siku mbili. "Asante kwa kuniambia. Ungesema wakati ule, ningekuchangia hata nusu ya hiyo karo." Basi. Ana mtu wake sasa, na namtakia mema. Hakuna harusi mwisho wa hadithi yangu, na sikuandikiwa na Jane Austen. Lakini usiku huo nililala kama mtu aliyeshusha gunia.

Ndiyo maana sikubali mtu aniambie vitabu hivi ni vya kupoteza wakati. Mtaani tunafundishwa kutongoza. Nani hutufundisha kusema "nimekosea" au "naogopa"? Mimi nilifundishwa na vitabu vya soo moja.

Kwa hiyo anza popote. Huna pesa? Chukua Austen kwenye simu. Umechoka na Kiingereza? Adam Shafi anakungoja. Unataka kucheka? Chloe. Pita hata kwenye Maktaba ya McMillan hapo tauni, ipo tangu 1931 na haijali unasoma nini.

Juzi jamaa alikuja kibandani, akachukua Indigo, akaanza, "Ni cha da..." Nikamwangalia tu. Akacheka, akasema, "Ni changu." Nikamuuliza kama nimfungie kwa gazeti. Akakataa.